Kangambili Waliokataa Kukua

Mwaka ule pamba ilikubali mpaka watu wakakosa mahali pa kuiweka. Ilikuwa Julai ya 1988, na katika nyumba ya Mzee Masalu, pale Kenyamonta, hata chumba cha wageni kilikuwa kimejaa pamba hadi usawa wa dirisha. Mgeni aliyekuja kulala aliambiwa ajichimbie nafasi mwenyewe. Asubuhi, umande ulipokauka, pamba ilitolewa nje ikamwagwa juu ya ngozi za ng'ombe, na watoto wote wakaketi kuizunguka ili kuichambua. Nyeupe iliwekwa upande huu, ikaitwa safi. Yenye madoa ya manjano iliwekwa upande ule, ikaitwa fifi. Madoa hayo yalikuwa kazi ya kangambili, mdudu mwekundu mwenye alama nyeusi mgongoni, ambaye hutoboa tumba la pamba ili azinyonye mbegu, na akiondoka huacha nyuma yake uozo unaoutia uzi rangi.

Luciana, binti wa tatu wa Masalu, alikuwa na miaka tisa, na kazi ile aliipenda kwa sababu ambayo haikumpendeza baba yake. Hakuitazama pamba, aliwatazama kangambili wenyewe. Dume na jike wanapoungana huungana kwa nyuma, kila mmoja akielekea kwake, na hutembea hivyo kutwa nzima, mwenye nguvu akimkokota mwenzake kinyumenyume. Watoto waliwapangia mstari wa mashindano juu ya ngozi na kuwashangilia.

"Mama anamvuta baba!"

"Muongo! Baba ndiye anayesukuma, ila haoni anakokwenda!"

Bibi yao, mama mzazi wa Masalu, aliyekuja na mwanawe kutoka Magu wakitafuta malisho na ardhi ya pamba, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Luciana akasogea karibu naye, akamwonyesha kangambili mmoja mdogo, mwekundu mtupu, asiye na mabawa.

"Bibi, huyu mbona hana mabawa?"

"Huyo bado mtoto."

"Atayapata lini?"

"Akikua."

"Nani atamwambia kwamba sasa amekua?"

"Hilo muulize mwenyewe, mjukuu wangu. Mimi hajaniambia."

Luciana akamtia yule mdogo katika kopo tupu la kahawa, pamoja na mbegu za pamba na kitambaa chenye maji, akakaa nalo. Siku ya nne mchana ngozi ya mdudu ilipasuka mgongoni, na kutoka ndani yake akajivuta kangambili mwingine, laini, mwenye mabawa yaliyokunjamana kama shuka lililolaliwa. Luciana alikaa akitazama mabawa yakinyooka, na mikono yake, isiyo na mwenye kuisimamia, ikaendelea kuitupa pamba safi kwenye fifi na fifi kwenye safi. Wiki iliyofuata mpima pamba alilirudisha gunia la Masalu mbele ya watu wote, na ukoo mzima, pamoja na mjomba aliyekuwa amekuja kusalimia tu, uliketi siku mbili kuichambua upya. Masalu hakumpiga mtoto. Alimwambia tu kwamba tangu siku ile yeye angechota maji, kwa kuwa maji hayana madaraja.

Swali lile lilikaa naye. Masista waliomfundisha Tarime walilisikia, wakampa kitabu chenye picha za wadudu. Chuo kikuu kililisikia, nacho kikampa jibu lake kwa maneno ya kitaalamu, na jibu lilikuwa zuri kuliko alivyotarajia. Katika kichwa cha mdudu, nyuma ya ubongo, iko tezi ndogo kupita chembe ya unga wa ulezi. Tezi hiyo humwaga katika damu homoni ambayo Luciana, alipokuja kuwa mwalimu, aliwaambia wanafunzi wake waiite homoni ya utoto. Maadamu homoni hiyo ipo, kila mara mdudu anapovua ngozi hutoka mtoto mwingine mkubwa kidogo, yaani tunutu asiye na mabawa. Kangambili huvua hivyo mara nne. Kisha, akiwa tunutu wa tano, tezi hunyamaza. Hakuna anayeiambia chochote kwa sauti. Hunyamaza tu, na ngozi inayofuata ikipasuka hutoka mtu mzima.

"Kwa hiyo, Mwalimu," aliuliza mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, "kukua ni kunyamaza?"

"Kwa kangambili, ndiyo," alijibu Luciana. "Wewe endelea kuuliza."

Alifundisha baiolojia Tarime miaka kumi, na wanafunzi walimpenda. Hata hivyo yeye alijiona kama mtu anayewasimulia wengine safari ambayo hakuwahi kuifanya. Basi mwaka 2014, akiwa na miaka thelathini na mitano, alipopewa ruhusa ya miaka miwili kusomea shahada ya uzamivu juu ya homoni za kangambili, alilia ndani ya ofisi ya mkuu wa shule, kisha akaomba radhi kwa kulilowesha daftari la mahudhurio. Masharti aliyaelewa vizuri. Alipaswa kuonyesha kwa vipimo jinsi tezi ile inavyonyamaza na mdudu anavyofikia utu uzima. Mwisho wa ruhusa ulikuwa Desemba ya 2015. Akishindwa, masomo yangefungwa, naye angerudi darasani, na kwa umri wake nafasi ya pili isingekuwapo.

Alipewa chumba kimoja katika kituo kidogo cha utafiti wa pamba, nje kidogo ya Mugumu: meza mbili, hadubini moja, mitungi ya kioo arobaini yenye vifuniko vya kitambaa, na msaidizi mmoja. Msaidizi huyo alikuwa Elieth Werema wa Machochwe, mama wa Kikurya mwenye miaka hamsini na mbili, ambaye watu wote walimwita Mama Simioni kwa jina la mwanawe wa kwanza. Elieth alikuwa amefanya kazi ya usafi kituoni kwa miaka kumi na minane, na hakuwa tayari kuamini kwamba mwanamke mwenye akili zake angefuga kangambili.

"Sisi tunawaua, wewe unawapa chakula," alisema siku ya kwanza, mikono kiunoni. "Huko kwenu Usukumani mmemaliza ng'ombe?"

"Shikamoo, Mama Simioni."

"Marahaba, binti Masalu. Hujanijibu."

"Ng'ombe wapo. Lakini ng'ombe hawana mabawa."

"Afadhali," alisema Elieth, akachukua ndoo.

Baada ya mwezi mmoja Elieth alikuwa akiwaita kangambili "watoto wetu", na asubuhi kabla hajavua kitenge cha njiani alipita kwanza mtungi kwa mtungi kuwatazama. Masika ya 2015 yalikuwa mazito. Unyevu uliingia chumbani, ukungu ukaota juu ya mbegu, mayai yakaoza, na katika wiki mbili nusu ya kangambili wote walikufa. Luciana alisugua mitungi kwa maji moto na sabuni, akabandika ukutani maelekezo ya kuosha, akaomba Mungu. Kisha ghafla, mwanzoni mwa Mei, ukungu ukakoma. Mayai yakaanguliwa, matunutu wakanona. Luciana alimkumbatia msaidizi wake.

"Umefanyaje, Mama Simioni?"

"Nimeosha vizuri," alisema Elieth, na akaona haya kama msichana.

Wakanona kweli. Wakafika tunutu wa tano, wekundu wa kung'aa, wenye mistari myeupe tumboni. Wakavua ngozi. Luciana akainama na kalamu yake, tayari kuandika idadi ya watu wazima, akaona kwamba waliotoka hawakuwa na mabawa. Walikuwa matunutu tena, wakubwa kuliko alivyopata kuona, wakitembea kwa uzito kama akina mama waliotoka sokoni. Wiki iliyofuata baadhi yao wakavua tena, wakawa wakubwa zaidi, na bado watoto. Hapakuwa na hata mmoja aliyeruka, aliyepanda, wala aliyetaga. Mwishowe walikufa katika utoto wao, wakubwa na wanene.

Juni yote alipima joto la chumba. Julai alibadili taa, mbegu na maji. Alichota maji ya mvua, akachota ya kisima, akachemsha yote mawili. Alileta kangambili wapya kutoka mashamba ya Kenyamonta, na vizazi vyao navyo, ndani ya mitungi ile ile, vikakataa kukua. Daftari lake lilikuwa na kurasa mia moja na arobaini za mambo yaliyopimwa kwa uaminifu, na hapakuwa na moja lililoeleza kitu.

Mtu aliyechoka hupokea jibu lolote linalobisha hodi. Mwishoni mwa Julai, Luciana alimwandikia profesa wake, Nikodemo, aliyekuwa Morogoro, kwamba huenda kangambili wa upande wa Serengeti kwa asili yao wana ngozi ya sita ya utoto, jambo ambalo halijapata kuandikwa. Profesa alifurahi kupita kiasi. Alipiga simu siku hiyo hiyo. Alisema ataliingiza katika ratiba ya mkutano wa wataalamu wa wadudu, Arusha, mwezi wa Septemba, na kwamba jambo kama hilo peke yake lingetosha kumpa shahada. Luciana alikata simu. Shambani, mita mia mbili kutoka pale alipoketi, kangambili wenye mabawa walikuwa wakiruka juu ya pamba ya majirani. Alijua hivyo. Alijiambia kwamba huenda hao ni wa ukoo mwingine.

Katikati ya Agosti mlango wa chumba cha wadudu ulilegea bawaba, akaitwa fundi Hamidu. Babu yake Hamidu alitoka Pangani akafungua karakana ya seremala Mugumu, na mjukuu aliirithi karakana pamoja na ulimi. Alifika saa nne asubuhi, sanduku la vifaa begani, akasimama kizingitini bila kuingia.

"Hodi! Humu kuna wadudu au kuna warina asali?"

"Karibu, fundi. Kwa nini warina asali?" aliuliza Luciana.

"Moshi, Mwalimu. Nimeusikia tangu getini."

Elieth aligeuka na kitambaa chake mkononi. "Moshi gani? Pua yako imeharibiwa na chumvi ya bahari."

"Mama Simioni, mimi nimezaliwa Mugumu hii hii. Bahari naiona kwenye kalenda tu."

"Basi imeharibiwa na rangi ya milango."

Luciana alivuta pumzi. Hakusikia moshi. Alisikia harufu aliyoijua tangu utotoni, ya vibanda vya majirani wa Kikurya alikotumwa maziwa, ya vibuyu vilivyoinamishwa juani kwenye kichanja, na moyo wake ukatulia kama ulivyotulia kila asubuhi alipoufungua mlango ule.

"Fundi, huo siyo moshi," alisema. "Hiyo ni harufu ya chombo kisafi."

"Kwenu, Mwalimu," alisema Hamidu akichagua parafujo. "Kwetu chombo kisafi hakina harufu. Mama yangu akipewa maziwa ya kibuyu kilichofukizwa huyanywa kwa adabu, halafu hutafuta maji."

Akaanza kugonga bawaba.

Luciana alikuwa ameinua mtungi mmoja, amefungua kitambaa chake, ameingiza pua ndani. Alipita kidole kwenye kioo. Kidole kilitoka na kitu chembamba kama mafuta, cha rangi ya chai hafifu.

"Mama Simioni, mitungi hii unaioshaje?"

"Kwa maji moto na sabuni, kama ulivyoandika ukutani."

"Halafu?"

"Halafu nafukiza."

"Unafukiza."

"Kwa vijinga vya kile kichaka chetu cha kufukizia vibuyu. Nakiwasha, kikishika nakizima, nainamisha mtungi juu ya moshi mpaka upate joto, napangusa. Kwani ningewapa watoto vyombo vibichi? Maziwa yetu, amabere, huwezi kuyatia hivyo, yataharibika siku hiyo hiyo. Nikaona na hawa ni hivyo hivyo. Na ukungu si uliondoka?"

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ule ukungu. Mbona ulinikumbatia?"

Kurasa mia moja na arobaini. Joto, mwanga, maji, mbegu, saa za kulisha. Moshi haukuwamo hata katika mstari mmoja. Mtu aliyekulia kati ya Mto Mara na Ikoma haandiki kwamba chombo kimefukizwa, kama vile haandiki kwamba mlango ulifunguliwa kabla ya kuingia. Angekuja mgeni yeyote wa mbali, angeuliza siku ya kwanza. Lakini mgeni hakuwa amekuja. Alikuwa amekuja fundi wa bawaba.

Elieth aliuona uso wa binti Masalu, akaketi taratibu juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Basi mimi ndiye niliyewaharibu watoto," alisema. "Ni mimi niliyekunyima shahada."

Ndipo Luciana alipocheka. Alicheka akaegemea meza, kicheko cha mtu aliyebeba mzigo miezi mitatu na kugundua kwamba anaweza kuutua, mpaka Hamidu akaweka nyundo chini akauliza kama aite nesi.

"Hujaniharibia, mama," alisema alipoweza. "Unajua ulichokifanya? Umeiambia ile tezi isinyamaze. Watu wana maabara za ghorofa tano, wanahangaika kufanya hivyo."

"Mimi?"

"Wewe na vijinga vyako. Ikiwa ni kweli. Tungoje."

Kungoja huko kulifanywa kwa haki. Mitungi ishirini mipya, ambayo moshi haukuwa umeigusa, ilinunuliwa katika duka la Rahima, dada yake Hamidu, karibu na stendi. Kumi ilioshwa kwa sabuni peke yake, ikapelekwa chumba kingine chenye joto lile lile, na Luciana akaihudumia mwenyewe. Kumi ilifukizwa na Elieth uani, naye alifukiza kwa makini ya mtu anayejua kwamba wazee wake wote wanatazamwa pamoja naye. Matunutu wa nne, waliotoka shambani siku moja, waligawanywa kwa kura kama viwanja. Elieth alikuwa upande wa vijinga vyake na hakuficha.

"Wangu watakuwa wakubwa," alimwambia Hamidu, ambaye sasa alikuwa akipita kila jioni bila bawaba ya kutengeneza.

"Wakubwa bila akili."

"Kama baadhi ya watu niwajuao."

Wakawa matunutu wa tano, pande zote mbili. Katika siku ya nane baada ya hapo Luciana hakula mchana. Ratiba ya Arusha ilikuwa imekwisha kuchapwa, na jina lake lilikuwamo, na chini ya jina lake yale maneno ya ngozi ya sita. Ikiwa moshi haukuwa sababu, hakuwa na kitu isipokuwa uongo uliopambwa. Ikiwa ulikuwa ndiyo sababu, ilimpasa kusimama na kuukana uongo huo mbele ya watu wale wale.

Siku ya tisa, saa mbili asubuhi, vigelegele vilisikika hadi barabara ya Mugumu mjini. Elieth ndiye aliyewaona kwanza. Alikuwa ameingia katika chumba ambacho hakikuwa chake, kwa sababu, alisema, alisikia mtu akimwita. Katika mitungi ile isiyofukizwa walikuwa wametoka kangambili wanne wenye mabawa, bado wakiwa laini na wenye rangi ya chungwa bivu, na wa tano alikuwa nusu ndani na nusu nje ya ngozi yake. Kufikia Jumamosi walikuwa themanini na tatu kati ya tisini. Upande wa moshi palitoka wawili tu wenye mabawa, na hata hayo yalikuwa yamejikunja. Waliobaki wote walikuwa matunutu wa sita, wakubwa na wanene.

"Nimeshinda," alisema Elieth.

"Tumeshinda sote," alisema Luciana, na safari hii ni Elieth aliyemkumbatia.

Siku hiyo hiyo alimpigia profesa.

"Profesa, shikamoo. Lile nililokuandikia siyo kweli."

"Marahaba. Lipi?"

"La ngozi ya sita. Kangambili wa huku ni kama wa kwingine kote. Ni sisi tuliowafukiza."

"Mliwafanya nini?"

"Tuliwafukiza, kama kibuyu cha maziwa. Tulikaa ndani ya harufu ile miezi mitatu na hatukuinusa."

Ilisikika sauti ambayo Luciana kwanza aliidhani kikohozi. Profesa Nikodemo alikuwa akicheka. Aliuliza idadi, akasomewa. Akauliza mara ya pili, polepole, akiandika.

"Arusha utakuja na hilo hilo," alisema. "Utaanza kwa kukana. Itakuuma dakika mbili, halafu hakuna atakayesinzia. Nani aligundua?"

"Fundi wa milango. Lakini aliyefanya kazi ni Elieth Werema, na jina lake liandikwe pamoja na langu."

"Ana shahada gani?"

"Ya kuosha vibuyu, Profesa. Miaka arobaini."

"Basi ametuzidi wote. Andika."

Wakaenda Arusha wawili, kwa basi lipitalo ndani ya hifadhi, na Elieth, ambaye alikuwa ameishi maisha yake yote kandokando ya wanyama wale akiwafukuza katika mtama wake, alilazimika kukiri kwamba wanapendeza wanapokuwa kwenye chakula cha mtu mwingine. Katika ukumbi Luciana alisimama akasema, bila utangulizi, kwamba maneno yaliyochapwa chini ya jina lake ni makosa, akaeleza makosa hayo yalivyopatikana. Hakuona haya kama alivyoogopa. Mwisho wa kikao wataalamu kumi na wawili walitoka uani, na Elieth, kwa vijinga alivyovifunga katika kitenge tangu nyumbani, aliwaonyesha jinsi mtungi unavyofukizwa. Mzee mmoja mwenye miwani minene alijaribu akaunguza kidole. Elieth alimwambia kwamba kwao msichana wa miaka saba angechekwa kwa hilo, na mzee akaandika hata hayo katika kijitabu chake.

Matokeo hayo yalimpatia nyongeza ya muda, naye Luciana alipata shahada yake mwaka 2017, kwa kitabu cha kurasa mia mbili na kumi, ambacho sura yake ya tatu yahusu vijinga. Kituo kikamwajiri. Yaliyofuata hayakuwa yote ya vigelegele, na ni haki kuyasema. Misimu miwili alijaribu kuupeleka shambani moshi ule, ukiwa umegeuzwa dawa ya maji, Kenyamonta na Machochwe, akitumaini kwamba kangambili watakaobaki watoto hawatazaa. Jua liliila dawa hiyo kwa siku moja. Msimu wa pili, tembo walitoka hifadhini wakalala juu ya viwanja vyote vya majaribio vya Machochwe, wakaacha kimoja tu, na hicho ndicho kilichokuwa hakina dawa. Aliyaandika yote mawili katika taarifa, la jua na la tembo, na akawaambia wakulima wazi kwamba alichonacho hakiwezi bado kuwasaidia. Wavune mapema na wasiache vitumba vya zamani shambani. Wakulima walimshukuru. Walisema wamezoea wataalamu wanaokuja na dawa, siyo wanaokuja kusema dawa haipo.

Akarudi kwenye tezi yake. Kazi ya namna hii huenda polepole, na yeye aliupenda upole huo. Alijifunza kuitoa tezi chini ya hadubini kwa sindano iliyonolewa na Hamidu kwenye jiwe la patasi zake. Alijua saa ambayo tezi hunyamaza, akajua kwamba kangambili mwenye njaa huichelewesha, naye aliandika makala saba, fupi na safi, ambazo zilisomwa na watu labda mia mbili duniani, na wengine kati yao walimwandikia barua. Elieth alistaafu mwaka 2022, jina lake likiwa juu ya makala tatu. Mwanawe Simioni alizitia zote katika fremu moja, nazo ziko sebuleni Machochwe, kati ya picha ya harusi na kalenda ya parokia. Wageni wakiuliza ni za nini, Elieth husema, "Hizo ni za watoto wetu," kisha huwamiminia maziwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 mkuu wa shule ya sekondari ya kata, Machochwe, alimwandikia Luciana kwamba shule haina mwalimu wa baiolojia, akauliza kama kituo kinaweza kumtuma mtu yeyote, hata kijana wa mazoezi. Luciana hakumtuma mtu. Alhamisi ya tarehe 13 Machi, saa tatu na robo asubuhi, alishuka kwenye pikipiki na mitungi sita ya kangambili hai ndani ya kreti la soda, akatia saini daftari la wageni, akafundisha kidato cha pili vipindi viwili mfululizo, akaacha mitungi minne juu ya meza ya darasa pamoja na mbegu za wiki tatu, na akaandika ubaoni siku na saa ambayo angerudi.